Quebec 2012: masaa 22 mezani, halafu karatasi haikumaliza hata wiki mbili

Mgomo wa wanafunzi wa Quebec mwaka 2012 watu wanaukumbuka zaidi kwa masufuria, zile jioni ambazo wazee kwa watoto walikuwa wanatoka nje na kugonga sufuria kwa mwiko mpaka mtaa mzima unatikisika. Ila ukitaka kuelewa kwa nini mambo yalifika huko inabidi uangalie meza, maana kati ya tarehe 23 Aprili na 31 Mei serikali na wanafunzi walikaa mara tatu na mara zote tatu ikabuma. Na nikifuatilia naona ilibuma kwa sababu ileile kila mara, walioko chumbani walikuwa wanaongea na watu walioko nje ya chumba, waziri anaongea na wapiga kura, wanafunzi wanaongea na mikutano mikuu ya vyuo vyao, na lile swali lenyewe lililoleta mgomo, ada ipande au isipande, likawa linazungukwa tu.

Tuanze na hela. Quebec ni jimbo la Canada linaloongea Kifaransa na ada ya chuo kikuu kule ilikuwa chini kuliko majimbo mengine ya nchi hiyo. Iligandishwa kuanzia 1994 mpaka 2007, halafu serikali ya Jean Charest, waziri mkuu wa jimbo kutoka chama cha Liberal, ikaanza kuongeza dola 100 kwa mwaka. Kwenye bajeti ya 2011 ndo wakaja na kubwa lao, kwamba kuanzia Septemba 2012 ada itapanda dola 325 kila mwaka kwa miaka mitano, itoke dola 2,168 ifike 3,793. Piga hesabu hapo, ni dola 1,625 juu, yaani asilimia 75. Hoja ya serikali wala haikuwa ya kijinga, walisema vyuo vina njaa ya hela na hata ikishapanda yote bado itakuwa chini ya wastani wa Canada. Wanafunzi nao wakasema msituletee wastani wa wengine, sisi tulikubaliana kama jamii kwamba elimu tunaibeba wote, na mkianza kumtupia mwanafunzi mzigo, atakayeumia ni yule ambaye mzazi wake si fukara kiasi cha kupata ruzuku wala si tajiri kiasi cha kutoa hela mfukoni.

Mgomo ukaanza 13 Februari. Tarehe 22 Machi Montreal ilijaa watu, makadirio mengi yanataja kama 200,000, na idadi ya wanafunzi waliokuwa wamegoma siku hiyo ilivuka 300,000. Kila unakopita unaona kitambaa chekundu cha mraba, alama ya mgomo, kimebanwa na pini kifuani. Serikali imekausha. Waziri wa elimu, Line Beauchamp, anasema mikopo na ruzuku tunaweza kuongea, ada ilishaamuliwa. Wakakaa hivyo wiki kumi bila kikao, na mimi naona hapa ndo kosa la kwanza lilifanyika kabla hata meza haijaandaliwa, kwa sababu mtu aliyegoma wiki kumi ameshaweka muhula wake wote rehani na huyo huwezi kumrudisha darasani kwa kumpunguzia kidogo. Wiki ya tatu angesikiliza. Wiki ya kumi anataka kitu cha kumwonyesha kwamba hakupoteza muda.

Sasa wanafunzi wenyewe, hawa hawakuwa kitu kimoja. Kulikuwa na FECQ, shirikisho la vyama vya CEGEP, vile vyuo ambavyo mtu wa Quebec anapitia kabla ya chuo kikuu, rais wake kijana mpole anayevaa vizuri, Léo Bureau-Blouin. Kulikuwa na FEUQ ya vyuo vikuu, rais Martine Desjardins. Halafu kulikuwa na CLASSE, muungano wa muda uliojengwa juu ya chama kingine kinaitwa ASSÉ, na hawa ndo walikuwa wakali kuliko wote na karibu nusu ya wagomaji walikuwa upande wao. CLASSE haikuwa na rais. Ilikuwa na wasemaji wawili, Gabriel Nadeau-Dubois na Jeanne Reynolds, na kazi yao ni kusema kile ambacho mikutano mikuu ya wanachama imeshapitisha, basi, hawana ruhusa ya kuongeza lao. Kamati iliyoenda kwenye mazungumzo nayo inaenda na maagizo, ikipewa ofa inaibeba inairudisha vyuoni, watu wanakaa ukumbini wanajadili wee halafu wanapiga kura kwa mikono.

Serikali hiki kitu haikukielewa, au ilijifanya haikielewi. Wao walizoea vyama vya wafanyakazi ambako ukimwelewesha katibu mkuu usiku asubuhi yeye anaenda kuwaelewesha watu wake. Kwa CLASSE huyo mtu wa kumwelewesha hayupo. Nadeau-Dubois sura yake ilikuwa kwenye kila televisheni kwa hiyo serikali ikamchukulia kama jenerali, kumbe ukimbana jamaa ana uwezo wa kusaini sawa na mimi. Kwa mtu wa serikali hii inaudhi kwelikweli na sitawalaumu kwa kuudhika, kuongea na mtu ambaye kila ukimuuliza jambo anakujibu ngoja nikaulize kunachosha. Lakini ndo mfumo wao ulivyo na ulijulikana tangu siku ya kwanza, ukienda nao mezani unapanga mazungumzo yako kwa kujua kwamba kura itapigwa mbele ya watu elfu elfu ambao hawakuwepo chumbani.

Kwanza serikali ikataka kuwatenganisha. FECQ na FEUQ waje, CLASSE wasije mpaka walaani vurugu, maana kulikuwa na vioo vinavunjwa kwenye maandamano. Sasa msemaji wa CLASSE hawezi kulaani kitu ambacho mkutano haujapitisha, hata kama yeye binafsi anakubali. Wakasubiri mpaka 22 Aprili, mkutano wao ukapitisha azimio la kulaani vurugu za makusudi dhidi ya watu, isipokuwa kwa kujilinda. Siku mbili kabla ya hapo Charest alikuwa kwenye jumba la mikutano Montreal anauza mradi wake wa kuendeleza kaskazini ya jimbo, nje polisi na waandamanaji wanapigana, na yeye akatania ukumbini kwamba hao wanaogonga mlango labda tuwatafutie kazi, kaskazini kabisa ikiwezekana. Ukumbi wa wafanyabiashara ukacheka. Kwa vijana waliokuwa nje kule na macho yanawasha moshi wa mabomu ya machozi, hicho kicheko kilifanya kazi kubwa kuliko tamko lolote la CLASSE.

Kikao cha kwanza kikaanza 23 Aprili, kukiwa na kama makubaliano ya kutulia kwa masaa 48. Usiku wa tarehe 24 kukawa na maandamano Montreal, baadhi ya vioo vikavunjwa, na ikaonekana kwamba maandamano hayo yalitangazwa kwenye kalenda ya tovuti ya CLASSE. CLASSE wakasema sisi hatukuyaandaa, tarehe 25 Beauchamp akatangaza CLASSE nje. FECQ na FEUQ wangeweza kubaki, na naamini serikali ilipiga hesabu kwamba watabaki, ila nao wakasimama wakatoka. Ukikaa ukafikiria, wangebaki wangemaliza nini? Wangesaini dili, nusu ya wagomaji wanaendelea na mgomo wakiwaita wasaliti waliouza mechi, na wanachama wao wenyewe wangewageuka. Kumfukuza CLASSE kuliwapa hao wapole sababu ya kuwa wakali. Maandamano ya usiku kuanzia hapo yakawa ya kila siku.

Tarehe 27 Aprili Charest na Beauchamp wakatoa ofa mbele ya waandishi wa habari. Si mezani, mbele ya kamera. Badala ya miaka mitano ongezeko litasambazwa kwa miaka saba, na kutakuwa na ruzuku zaidi. Serikali ikasema ukiondoa nafuu ya kodi inakuja kama senti 50 kwa siku. Wanafunzi wakachukua kalamu: dola 254 kwa mwaka mara miaka saba ni 1,778. Ya mwanzo ilikuwa 1,625. Yaani mgomo wa miezi miwili na nusu umezaa ofa ambayo mwisho wake ada inapanda zaidi kuliko mlipoanzia. Najua serikali ina maelezo yake, kuna mfumuko wa bei, na kwa mwaka mmoja mmoja mwanafunzi anapata nafuu kweli, na zile ruzuku kwa maskini hazikuwa kitu kidogo. Lakini wewe jaribu kusimama mbele ya ukumbi wa wanafunzi 2,000 uelezee mfumuko wa bei wakati mwenzako ameshaandika namba mbili kubwa ubaoni. Ikapigwa chini.

Halafu ndo inakuja ile ya Mei, ambayo kwangu ndo kisa chenyewe.

Ijumaa tarehe 4 Mei serikali ikawaita wote mji wa Quebec, safari hii CLASSE wapo. Walikuwepo Beauchamp na Michelle Courchesne aliyekuwa anashika mfuko wa serikali, wawakilishi wa wakuu wa vyuo vikuu na vya CEGEP, na viongozi wa mashirikisho makubwa ya wafanyakazi wakaletwa kama watu wazima wa kusuluhisha. Siku hiyohiyo chama cha Liberal kilikuwa na mkutano wake, kiliuhamisha kutoka Montreal kwenda Victoriaville kukwepa maandamano, maandamano yakawafuata hukohuko. Kule hali ikawa mbaya, mabomu ya machozi, mawe, risasi za plastiki, kuna mwanafunzi alipoteza jicho. Kwa hiyo pata picha, mko chumbani mnabishana aya ya pili irekebishwe vipi na simu zenu zinaleta picha za wenzenu wamelala chini na damu. Wakakaa humo kama masaa 22, usiku kucha mpaka Jumamosi mchana.

Wakatoka na karatasi. Na karatasi yenyewe ilikuwa na akili fulani, nisiwanyime haki yao. Ongezeko la ada linabaki kwenye kitabu, lakini linaundwa baraza la muda litakalokagua matumizi ya vyuo vikuu, likipata sehemu za kubana basi kile kitakachookolewa kinatumika kupunguza zile ada nyingine za lazima ambazo chuo kinamtoza mwanafunzi pembeni. Likiokoa vya kutosha mwanafunzi mfukoni haongezewi kitu, na kwa muhula wa kwanza kulikuwa na utaratibu wa kumpoza wakati baraza linafanya kazi. Kwa hiyo serikali inasema ada imepanda, mwanafunzi anasema bili yangu iko palepale, kila mtu anaenda nyumbani na ushindi wake. Mapatano mengi duniani yanajengwa hivi, kwa kuacha sehemu isiyosemwa wazi ili kila upande uisome unavyotaka.

Ila karatasi ya namna hiyo ina sharti moja, pande zote mbili zinyamaze. Na haikunyamaziwa hata siku moja. Upande wa serikali ukatoka nje na kuwaambia watu kwamba ongezeko la ada liko palepale, hatujalegeza, na hizo fedha za kuokoa zinategemea kama baraza litaziona. Kisiasa naelewa kwa nini, Charest alikuwa na uchaguzi mbele yake na wapiga kura wengi walikuwa wanaunga mkono ada kupanda, chama kizima kiko Victoriaville kinasubiri kusikia kwamba hatujapiga magoti. Lakini maneno hayohayo ndo yaliyosomwa kwenye mikutano mikuu wiki iliyofuata. Wanafunzi wakaanza kukagua karatasi upya kwa jicho la mtu aliyeshatahadharishwa. Baraza lina wajumbe 19, wanafunzi ni wanne tu, wakuu wa vyuo na watu wa biashara wamo, sasa nani atapiga kura kwamba chuo chake kinatapanya hela? Na kama baraza lisipoona pa kubana? Ada imepanda, mgomo umeisha, na sahihi yenu iko chini.

Wasemaji wa wanafunzi nao walipeleka karatasi ile vyuoni bila kuipigia debe. Hapa nina neno na wao pia, maana kama umekaa masaa 22 na kukubali kuibeba karatasi angalau waambie watu wako kwa uwazi wewe unaionaje, kusema sisi tumeileta tu amueni wenyewe ni demokrasia ndio lakini pia ni namna ya kujikinga. Chuo baada ya chuo kikakataa, na kwa kura nyingi mno. Haikufika wiki mbili ikawa imeshakufa.

Tarehe 14 Mei Beauchamp akajiuzulu, si uwaziri tu, na ubunge pia, akasema hajioni tena kuwa sehemu ya suluhisho. Courchesne akachukua nafasi yake. Na siku nne baadaye, tarehe 18 Mei, bunge la jimbo likapitisha Sheria namba 78 kwa kura 68 kwa 48. Masomo yanasimamishwa kwenye vyuo vilivyogoma mpaka Agosti, maandamano ya watu 50 au zaidi lazima polisi wapewe taarifa masaa 8 kabla pamoja na njia yatakayopita, na faini zake usipime: dola 1,000 mpaka 5,000 kwa mtu wa kawaida, 7,000 mpaka 35,000 kwa kiongozi, na kwa chama 25,000 mpaka 125,000, ukirudia inazidishwa mara mbili. Lengo lilikuwa kutuliza. Matokeo yake mtu ambaye hakuwa na habari na ada za chuo, mama wa watu na bibi wa watu, akatoka barazani na sufuria kwa sababu sasa ishu imekuwa haki ya kuandamana. Usiku wa tarehe 23 Mei polisi wa Montreal walikamata watu zaidi ya 500 kwenye maandamano mamoja.

Kikao cha tatu kilianza 28 Mei, mji wa Quebec tena, siku nne. Kwa hali hiyo unategemea nini. Charest mwenyewe alipita tarehe 29, na hapo ndo mara ya kwanza kwenye mgomo mzima anakaa meza moja na viongozi wa wanafunzi, siku zaidi ya mia zimeshapita. Wanafunzi walikuja na wazo la kutumia ile nafuu ya kodi ya masomo kufidia ongezeko ili serikali isitoe hata senti mpya, yaani mfuko unabaki uleule ila mkono unaotoa unabadilika. Kwa mtazamo wangu hii ndo ilikuwa ofa ya maana kuliko zote zilizowekwa mezani miezi yote ile na ilikataliwa haraka mno. Serikali ikaja na kupunguza dola 35 kwa mwaka, 254 iwe 219. Mara saba, dola 1,533. Toka 1,625 ya mwanzo mpaka 1,533, baada ya yote hayo, jicho la mtu, faini, waziri kaondoka, tofauti ni dola 92. Tarehe 31 Mei Courchesne akasema pengo ni kubwa mno, kikao kikafungwa na hakukuwa na kingine.

Kuna wanaosema serikali haikutaka mapatano toka mwanzo, ilitaka mgomo uendelee mpaka uchaguzi kwa sababu ulikuwa unawasahaulisha watu kashfa za rushwa kwenye tenda za ujenzi ambazo zilikuwa zinaiandama wakati huo. Inawezekana, ila ule usiku wa masaa 22 haufanani na watu wanaoigiza, hakuna anayekesha hivyo na viongozi wa wafanyakazi kwa ajili ya picha. Mimi nadhani walitaka mapatano ambayo hayataonekana kama mapatano. Hicho kwa CLASSE hakiwezekani, maana kwao kila kitu lazima kionekane ndo kipigiwe kura.

Uchaguzi ulifanyika 4 Septemba 2012. Liberal wakashindwa, Charest akapoteza hata kiti chake cha Sherbrooke, na Bureau-Blouin, yule mpole wa FECQ, akaingia bungeni kwa tiketi ya Parti Québécois, chama kilichoshinda, akiwa na miaka 20. Nadeau-Dubois yeye alijiuzulu usemaji Agosti, kesi ya kudharau mahakama ikamfuata miaka, akaja kushinda kwenye Mahakama ya Juu ya Canada 2016, na 2017 akawa mbunge kupitia Québec solidaire, chama cha mrengo wa kushoto. Waziri mkuu mpya wa jimbo, Pauline Marois, alifuta ongezeko mwezi huohuo wa Septemba. Februari 2013 akaitisha mkutano mkubwa wa elimu ya juu, serikali ikaamua ada iwe inapanda kama asilimia 3 kwa mwaka kufuata kipato cha familia, ambayo mwaka wa kwanza inakuja dola 65 mpaka 70 hivi. FECQ na FEUQ walikwenda na hawakufurahi. ASSÉ, wale waliokuwa mgongo wa CLASSE, waliususia mkutano mzima kwa sababu elimu bure haikuwekwa kwenye ajenda, na maelfu yao wakaingia barabarani siku ya kufunga.